Mwaka Mmoja na Nondo Pilipili: Mwongozo Kamili wa Kumtambua, Kumtafuta na Kumlea Kuanzia Yai

Wengi wetu tuliosoma biolojia katika shule za sekondari za Afrika Mashariki tulimjua nondo huyu kwa picha kabla ya kumwona. Ilikuwa ni picha ya mashina mawili ya miti, moja la kijivu na jingine jeusi kwa masizi, na juu ya kila shina wametua nondo wawili, mweupe na mweusi. Jina lake la kisayansi, Biston betularia, tulilikariri kwa ajili ya mtihani, tukaandika kwamba ndege walimla yule aliyeonekana wazi zaidi, kisha tukafunga daftari. Miaka mingi baadaye, nikiishi Uingereza, nilimkuta mmoja ameganda ukutani chini ya taa ya mlango wangu, na hapo nikatambua kwamba sikujua anakula nini, anataga wapi, wala anajificha wapi katika ile miezi minane ambayo haonekani akiruka. Picha ya vitabuni ilikuwa imenionyesha juma moja au mawili tu ya maisha yanayochukua karibu mwaka mzima. Muda uliobaki nondo huyu ni kiwavi aliyejigeuza kijiti, kisha ni pupa aliyelala chini ya udongo, na anayetaka kumjua hana budi kumfuata huko.

Mwongozo huu unafuata mzunguko huo hatua kwa hatua, kwa mtu anayeishi Uingereza au sehemu nyingine ya Ulaya ambako nondo huyu ni wa kawaida. Anapatikana pia katika sehemu nyingi za Asia yenye baridi hadi Uchina na Japani, na vilevile Marekani na Kanada, lakini Afrika Mashariki hayupo. Kwa hiyo msomaji wa Nairobi au Mwanza anaweza kutumia mbinu nyingi za hapa kwa nondo wa kwao, ila asimtafute huyu. Wala aliye Ulaya asifikirie kumpelekea ndugu yake mayai au pupa kama zawadi, kwa kuwa kuhamisha mdudu anayekula majani ya miti kutoka bara moja hadi jingine ni jambo la hatari.

Kumtambua

Kiingereza kinamwita kwa jina la pilipili kwa sababu mabawa yake meupe yanafanana na kitu kilichonyunyiziwa pilipili manga iliyosagwa, nami hapa nitamwita nondo pilipili. Ni nondo mkubwa kiasi, mwenye mwili mnene wenye manyoya, na upana wa mabawa yaliyotandazwa ni kama milimita 45 hadi 60, jike akiwa mkubwa kuliko dume. Anapotua huyatandaza mabawa yote manne na kuyalaza juu ya gome, bila kuyakunja mgongoni kama wafanyavyo vipepeo wengi. Dume hutambulika kwa vipapasio vyake vya kichwani, ambavyo vina matawi pande zote mbili kama unyoya, ilhali vipapasio vya jike ni vyembamba kama uzi.

Nondo hawa wana sura tatu, na ni muhimu kuzijua kabla ya kutega. Ya kwanza huitwa typica, nyeupe yenye vitone na mistari myeusi iliyokatikakatika. Ya pili ni carbonaria, nyeusi tititi mwili na mabawa, isipokuwa kitone kidogo cheupe mahali bawa la mbele linapoungana na mwili. Ya tatu, insularia, iko katikati, na humo kuna daraja nyingi kuanzia nondo mweupe aliyezidishiwa unga mweusi hadi yule anayekaribia weusi kamili. Wanaoanza hukosea zaidi hapa, kwa kumwandika insularia mweusi sana kuwa carbonaria. Dawa yake ni kumtazama kwa kioo cha kukuzia mchana kweupe. Ukiona chembe za rangi nyeupe zimetawanyika juu ya bawa lote, huyo ni insularia.

Kuna jamaa zake wawili wanaoweza kukuchanganya. Biston strataria ana mikanda mipana ya kahawia juu ya mabawa na huruka mapema, mwezi Machi na Aprili. Phigalia pilosaria naye huruka wakati wa baridi kali, Januari hadi Machi, na jike wake hana mabawa ya kurukia. Kwa kuwa nondo pilipili huruka kuanzia Mei hadi Agosti, kalenda pekee inakuondolea shaka nyingi.

Familia yake ni Geometridae, jina lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha wapima ardhi, kwa sababu ya mwendo wa viwavi wake. Kiwavi wa familia hii hana miguu katikati ya mwili. Hushika kwa mbele, akauvuta mkia hadi ukutane na kifua, mgongo ukapinda kama upinde, kisha akajinyoosha tena mbele. Ukimtazama utadhani ni mtu anayepima kitambaa kwa shibiri. Mkulima wa kahawa wa Kenya anaujua mwendo huo vizuri, maana mmoja wa viwavi wanaoshambulia majani ya mibuni, Ascotis selenaria, ni wa familia hiyohiyo.

Mahali pa kumtafuta

Nondo pilipili hachagui sana. Yuko katika misitu ya majani mapana, kando ya mashamba yenye ua wa miti, katika mbuga zenye vichaka, na katika bustani za miji mikubwa. Sharti lake ni miti, na jina betularia linatokana na mbetula, mti wa magome meupe ambao ni miongoni mwa miti anayoipenda. Hata hivyo kiwavi wake hula pia majani ya mwaloni, mwerebi, mwaridi, blakiberi, miti ya miiba inayopandwa kuwa ua, na mingine mingi. Bustani yenye mbetula mmoja na ua wa miiba inatosha kuwa na nondo hawa.

Ni wapi hasa anatua mchana? Swali hili linaonekana dogo, lakini limewasumbua wataalamu kwa miongo mingi, na jibu lake litakuokolea saa nyingi za kuzunguka mashina bila kuona kitu. Mwaka 1953 mtafiti Bernard Kettlewell, akitaka kujua kama kweli ndege humla zaidi nondo anayeonekana wazi, aliwaachia nondo waliowekewa alama katika msitu uliochafuliwa na moshi karibu na Birmingham, na mwaka 1955 akarudia katika msitu safi wa Dorset. Huko Birmingham alikamata tena asilimia 27.5 ya nondo weusi na asilimia 13 tu ya weupe. Huko Dorset mambo yakageuka, akawapata tena asilimia 12.5 ya weupe na 6.3 ya weusi. Matokeo hayo ndiyo yaliyoingia vitabuni. Lakini alikuwa amewaweka nondo juu ya mashina mchana, na wakosoaji walikuwa na haki ya kuuliza kama nondo aliyejichagulia mwenyewe angekaa pale.

Michael Majerus wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilichukua swali hilo kwa uzito. Kati ya mwaka 2001 na 2007 aliachia nondo 4,864 bustanini kwake, wakati wa usiku, akiwaacha wajichagulie mahali pa kutua, kisha asubuhi akatazama ni nani wameliwa na ndege. Katika kipindi hicho, akipanda miti kuwatafuta nondo wa porini, aliwakuta 135 wakiwa wametua. Zaidi kidogo ya nusu walikuwa kwenye matawi, hasa upande wa chini wa matawi yaliyolala, kama thuluthi moja walikuwa kwenye mashina, na waliobaki kwenye vitawi vidogo. Alifariki mwaka 2009, na wenzake wakayachapisha matokeo hayo mwaka 2012. Yalithibitisha kwamba ndege huwala na kwamba katika hewa safi ya Cambridge weusi ndio waliopotea zaidi. Kwangu kazi hii ndiyo bora kuliko zote zilizofanywa juu ya mdudu huyu, kwa sababu ilianza kwa kukubali kwamba picha iliyozoeleka huenda haikutosha.

Kwa hiyo, ukimtafuta mchana, anza na matawi ya chini ya mbetula na mwaloni, ukitazama kutoka chini kwenda juu mahali tawi linapoungana na shina, na hasa palipoota likeni, yale madoa ya kijivu na kijani yanayolifunika gome pasipo na moshi. Usishangae ukirudi mikono mitupu. Njia iliyo rahisi zaidi ni kumwita kwa mwanga.

Hatua ya kwanza: kumtega kwa taa

Mwanga unaowavuta nondo ni ule wenye miale ya urujuanimno (ultraviolet). Wataalamu wengi wametumia taa ya mvuke wa zebaki juu ya mtego wa aina ya Robinson au Skinner, lakini kwa anayeanza taa ndogo ya urujuanimno inayotumia betri inatosha, na haiwasumbui majirani. Ukitumia taa ya zebaki, usiitazame moja kwa moja kwa macho matupu, na uikinge na mvua, maana tone la maji baridi likiangukia kioo chake cha moto laweza kukipasua.

Mtego rahisi unaweza kujitengenezea mwenyewe. Chukua sanduku la mbao au la plastiki, weka juu yake vibao viwili vya plastiki angavu vilivyoinama kuelekea ndani, na uache katikati yao mwanya wa sentimita mbili au tatu. Taa ikae juu ya mwanya huo. Nondo anayezunguka taa hugonga kibao, akateleza ndani, na mara nyingi hashindwi tu kutoka bali hutulia kabisa. Jaza sanduku trei za mayai za kadibodi, kwa kuwa mashimo yake humpa kila nondo mahali pa kujibanza asiharibu mabawa kwa kupapatika.

Chagua usiku wenye joto na mawingu, usio na upepo wala mbalamwezi, kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai. Washa taa jua likishatua na uiache hadi alfajiri. Karibu wote utakaowapata watakuwa madume, na hilo halitokani na ubovu wa mtego. Jike huruka kidogo sana. Hutua mahali pamoja, akatoa harufu, na madume ndio wanaozunguka usiku kucha wakimtafuta.

Amka mapema kuliko ndege. Mtego uliowekwa usiku kadhaa mahali palepale hujulikana haraka na ndege wa bustani, nao huja alfajiri kula waliotua nje ya sanduku. Kagua kwanza ukuta, nyasi na mashina yaliyo karibu na taa, kisha toa trei moja baada ya nyingine polepole.

Hatua ya pili: kuhesabu na kuandika

Andika tarehe, mahali, idadi ya nondo pilipili na sura ya kila mmoja. Kazi hii inaonekana ya kuchosha, lakini ni hesabu za watu wa kawaida zilizotuonyesha jambo zima. Nondo mweusi wa kwanza aliyejulikana Manchester alipatikana mwaka 1848. Kufikia mwaka 1895 weusi walikuwa kama asilimia 98 ya nondo hawa mjini humo. Baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, moshi wa makaa ya mawe ulipungua na likeni zikarudi kwenye magome. Cyril Clarke, daktari aliyetega nondo mfululizo nyumbani kwake karibu na Liverpool kuanzia mwaka 1959, alianza na weusi zaidi ya asilimia 90, na kwa miaka zaidi ya 30 akawaona wakipungua mwaka hadi mwaka. Siku hizi carbonaria ni wachache mno Uingereza, hivyo ukimpata mmoja mpige picha iliyo wazi.

Peleka hesabu zako kwa mtunza kumbukumbu za nondo wa eneo lako. Kila wilaya ya Uingereza huwa na mtu wa namna hiyo, na takwimu zake huingia katika mpango wa kitaifa unaosimamiwa na shirika la Butterfly Conservation. Baada ya kuandika, waachie nondo ndani ya majani mazito, mbali kidogo na mtego, ili ndege wasijifunze pa kuwapata.

Hatua ya tatu: kupata mayai

Ukibahatika kumpata jike, yaelekea ameshapandwa. Mweke peke yake ndani ya kisanduku kikavu, mahali penye kivuli na ubaridi. Hahitaji chakula, kwa sababu nondo pilipili aliyekomaa hali kitu. Anaishi kwa akiba aliyoiweka akiwa kiwavi. Anachohitaji ni nyufa. Jike ana mrija mrefu wa kutagia anaouingiza ndani kabisa ya mipasuko ya gome, na ukimweka katika kisanduku laini anaweza kukaa usiku kadhaa bila kutaga ipasavyo. Mpe kipande cha kadibodi yenye mifereji, au chandarua kilichokunjwa mara nyingi, au gome halisi lenye nyufa.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 2,000. Ni madogo kama vumbi nene, ya kijani kilichopauka, na hugeuka kuwa meusi siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa. Huanguliwa baada ya kama majuma mawili, kutegemea joto. Usijaribu kulea yote. Bakiza 30 au 40, na kadibodi yenye mayai yaliyosalia uifunge kwenye shina la mbetula palepale ulipomkamata mama yao.

Hatua ya nne: kiwavi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye raha.

Kiwavi anapotoka kwenye yai ni mweusi, mwembamba kama kipande cha uzi chenye urefu wa milimita chache, na hawezi kutulia. Porini hupanda hadi ncha ya tawi, akajining'iniza kwa uzi wa hariri, upepo ukampeleka kwenye tawi au mti mwingine. Ndani ya kisanduku chako atajaribu kufanya vivyo hivyo, kwa hiyo katika siku hizi za mwanzo tumia visanduku vidogo vya plastiki vinavyofunga vizuri, visivyo na matundu. Msomaji ataogopa kwamba watakosa hewa, lakini hewa iliyomo inawatosha viumbe wadogo kiasi hicho mradi unafungua kila siku, ilhali matundu hukausha majani na kuwafungulia njia.

Tandika karatasi ya shashi chini, weka majani mawili matatu machanga ya mbetula au mwerebi, na kila siku ubadilishe majani na karatasi. Usiwashike kwa vidole. Weka jani jipya juu ya lile la zamani na uwaache wahamie wenyewe. Aliyebaki mwinue kwa brashi laini ya rangi. Ukianza na mbetula endelea na mbetula, kwa sababu kiwavi aliyezoea mti mmoja mara nyingi hukataa kubadilishiwa. Na usiweke majani yenye maji, maana unyevu uliofungiwa ndani huleta ukungu na magonjwa kuliko kitu kingine chochote.

Wakishajivua gamba mara mbili wahamishie kwenye kizimba chenye wavu, kilichosimamishwa wima. Tia vitawi ndani ya chupa ya maji na uzibe mdomo wa chupa kwa pamba au karatasi, la sivyo viwavi watashuka kwenye kitawi hadi majini na kufa. Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi, ni kuvisha tawi la mti ulio hai mfuko mrefu wa chandarua na kuufunga pande zote mbili viwavi wakiwa ndani. Wanapata jani bichi, upepo na umande, nawe unabaki na kazi ya kumwaga kinyesi na kuwahamishia tawi jingine majani yakiisha. Kabla ya kufunga, kagua tawi lisiwe na buibui.

Tazama sasa umbile lake. Kiwavi aliyekua hufikia sentimita 5 hadi 6. Ana miguu halisi mitatu kila upande karibu na kichwa, na jozi mbili tu za miguu bandia mwishoni mwa mwili. Kichwa chake kimegawanyika juu kama chipukizi lililopasuka, na mwilini ana vinundu vinavyofanana kabisa na makovu ya majani yaliyodondoka. Mchana hushika tawi kwa miguu ya nyuma, akaunyoosha mwili kwa pembe, akakauka. Hapepesuki hata ukilitikisa tawi. Nimewahi kuhesabu viwavi tawini nikakosa watatu, na nilipotaka kuvunja kijiti kikavu kilichonizuia, kijiti hicho kikawa mmoja wao.

Jambo la ajabu zaidi ni rangi. Kiwavi anayekaa juu ya vitawi vya kahawia huwa wa kahawia, na anayekaa juu ya vitawi vya kijani huwa wa kijani, hata kama chakula chao ni kilekile. Mabadiliko hayo huchukua siku au majuma. Mwaka 2019 watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walieleza jinsi walivyofunika macho ya viwavi kwa rangi nyeusi kisha wakawaweka juu ya vijiti vya rangi mbalimbali. Viwavi wasioona walibadilika kufuata rangi ya kijiti, na walipopewa nafasi ya kuchagua walikwenda kwenye kijiti kinachofanana nao. Ilionekana kwamba jeni zinazohusika na kuona zinafanya kazi katika ngozi yao pia. Kwa maneno mengine, kiwavi huyu anaiona rangi ya tawi kwa ngozi.

Jaribio kama hilo unaweza kulifanya nyumbani bila kumfunika mtu macho. Gawa viwavi wadogo wa mama mmoja katika vizimba viwili, wote wapewe majani ya mwerebi yaliyokatwa bila vitawi, na kimoja uweke vijiti vilivyopakwa rangi ya kahawia iliyoiva, kingine vijiti vya kijani. Rangi ikauke kabisa na iache kunuka kabla ya kuwaingiza. Wapige picha kila juma kwa mwanga uleule. Ikiwa una watoto nyumbani, wape kazi hii waisimamie wao.

Mambo mawili ya kuangalia. Kiwavi aliyetulia siku nzima bila kula, kichwa kikionekana kidogo kuliko shingo iliyovimba, yuko karibu kujivua gamba, na ukimng'oa tawini wakati huo unaweza kumuua. Kiwavi aliyelegea na kuwa mweusi, akitoa majimaji, ni mgonjwa. Mtoe mara moja, osha kizimba kwa maji moto, na uwatawanye waliobaki. Viwavi unaowaokota porini wana hatari nyingine, kwani nyigu wadogo na nzi hutaga ndani ya miili yao, na baada ya majuma ya kuwalisha unaweza kuona mabuu ya mgeni yakitoka badala ya pupa. Hilo si kosa lako, na nyigu hao nao ni sehemu ya maisha ya msitu.

Hatua ya tano: pupa na majira ya baridi

Baada ya kama miezi miwili, Agosti au Septemba, na wengine hadi Oktoba, kiwavi huacha kula, mwili hufupika kidogo, naye huanza kuhangaika chini ya kizimba. Anatafuta udongo. Mpatie chombo chenye sentimita 10 za mboji laini iliyochekechwa, yenye unyevu wa kushikamana kidogo ukiifinya lakini isiyotoa maji. Atazama humo mwenyewe. Mwache majuma matatu bila kuchokonoa, kwa sababu kiwavi aliyechimbuliwa kabla hajageuka mara nyingi hafi papo hapo bali hutoa pupa mwenye kilema.

Pupa ni wa kahawia iliyoiva karibu na nyeusi, anang'aa, ana urefu wa kama sentimita 2, na mkia wake huishia kwa mwiba. Kwa kioo cha kukuzia unaweza kujua jinsia kwa kutazama upande wa tumbo karibu na mkia: ufa wa jike uko kwenye pingili ya 8, wa dume kwenye ya 9. Wapange juu ya mboji mbichi kidogo, wafunike kwa kuvumwani au majani makavu, na uwaweke katika kibanda cha bustani kisichopashwa joto, ndani ya sanduku lenye wavu wa chuma ili panya wasiwafikie.

Wageni wengi kutoka nchi za joto, nami nilikuwa mmoja wao, huwaonea huruma na kuwaingiza sebuleni. Usifanye hivyo. Pupa huyu anahitaji baridi ndefu, na joto la nyumbani laweza kumwamsha Januari, wakati nje hakuna mwenzi wala jani. Kinachomuua zaidi ni ukavu. Wanyunyizie maji kidogo kila baada ya majuma machache, tena kwa kiasi.

Hatua ya sita: kutoka

Mwishoni mwa Aprili wahamishie pupa kwenye kizimba chenye vijiti na kuta za kukwaruza. Nondo anapotoka, mabawa yake ni vijinyama vilivyokunjamana, na asipopata mahali pa kupanda na kujining'iniza hayatanyooka tena. Siku moja au mbili kabla, rangi ya mabawa huonekana kupitia ganda la pupa.

Ikiwa mama uliyemkamata alikuwa mweusi, huu ndio wakati wa kuhesabu kwa makini. Weusi wa carbonaria hurithiwa kwa jeni moja iliyo tawala, na kwa kuwa weusi wamekuwa adimu, yaelekea mama alikuwa na nakala moja tu na baba alikuwa mweupe, hivyo utarajie karibu nusu kwa nusu. Mwaka 2016 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba chanzo chake ni kipande cha DNA chenye kuhamahama, kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo cortex, na wakakadiria kwamba kilijipachika karibu na mwaka 1819, wakati viwanda vya Uingereza vilipokuwa vikikua.

Jike mpya aliyetoka jioni mweke ndani ya kikapu cha wavu na ukitundike kwenye tawi nje kabla ya giza. Akianza kutoa harufu, madume wa porini watakuja wenyewe, nawe ukifungua mlango wa kikapu mmoja ataingia. Hubaki wameungana hadi mchana wa siku inayofuata, kwa hiyo usiwasumbue. Jioni yake muachie jike kwenye gome la mti uleule alikotoka mama yake, upande wa chini wa tawi lililolala, na umtazame akisogea polepole akipapasa nyufa kwa mrija wake hadi apate anaoutaka.